Je, Wajua? Mbwa Mwenye Kiguru na Jamaa Zake

Je, wajua ya kwamba katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha wamo mbwa mwitu ambao, warudipo mawindoni na matumbo yaliyojaa, huwatapikia nyama si watoto wao tu, bali hata mwenzao aliyejeruhiwa asiyeweza kufuatana nao? Murua huo, kwa rai yangu, ungewafaa hata wafugaji wanaowalaani.

Ama jamaa yao mbwa wa nyumbani, naye akiumia mguu, ujue kwanza ya kwamba huegemeza takriban asilimia 60 ya uzito wake juu ya miguu ya mbele. Basi aliyepoteza mguu wa nyuma, tuseme kwa kugongwa na gari au kunaswa mtegoni, kwa kawaida huzoea kutembea kwa wepesi kuliko aliyekatwa wa mbele. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania ya mwaka 2008 imekataza kumtesa mnyama, lakini kumchukua kiwete nyumbani ni hiari ya mtu. Anayeazimu kufanya hivyo asimnenepeshe, kwani unene ni mzigo juu ya viungo vilivyosalia, amtandikie pasipoteleza, na kabla ya yote amchanje dhidi ya kichaa cha mbwa, maradhi ambayo, dalili zake zikisha kudhihiri, hayana dawa kwa mbwa wala kwa bwana wake.