Nani hunufaika na kambi za kifahari za Mara?

MTALII anayelala katika kambi ndogo ya kifahari pembeni mwa mbuga ya Maasai Mara hulipa pesa nyingi kwa kile ambacho, kwa jicho la haraka, ni turubai juu ya sakafu ya mbao. Kweli, ndani mna kitanda kipana, choo na bafu, na taa huwashwa kwa nguvu za jua. Ua hakuna. Ndiyo maana mgeni haruhusiwi kutoka hemani usiku bila kusindikizwa na askari, mara nyingi kijana wa Kimaasai anayejua nyati wamelala upande gani.

Kinachouzwa hasa ni nafasi. Katika hifadhi za Olare Motorogi na Naboisho, kanuni ni hema moja kwa kila ekari 700. Huko pia wageni huweza kutembea kwa miguu wakiongozwa, au kuzungushwa kwa gari usiku kutazama wanyama, mambo yasiyoruhusiwa ndani ya mbuga kuu.

Lakini ekari hizo zina wenyewe. Ranchi za jamii zilipogawanywa na kila mwanachama akapata hati yake, palizuka hofu kwamba nyua zingefunga njia za wanyama. Ol Kinyei mnamo 2005, Olare Orok 2006 na Naboisho 2010, wenye mashamba walikubali kuyaunganisha upya na kuwakodishia wenye kambi. Hapo awali mapato ya utalii yaliishia mikononi mwa wachache. Katika mpango huu kodi huingia moja kwa moja katika akaunti ya mwenye shamba, na hukokotolewa kwa ekari, si kwa idadi ya wageni waliolala.

Mpango huo una gharama yake. Familia zilihamisha maboma, na ng'ombe hulishwa kwa zamu katika maeneo yaliyotengwa, jambo zito kwa mfugaji wakati wa kiangazi. Isitoshe, hati nyingi ziliandikwa kwa majina ya wanaume, hivyo mke hupata kile mumewe atakachoamua kutoa.

Udhaifu mwingine ulijitokeza mwaka wa 2020. Janga la Korona lilipositisha safari za ndege, kambi zilibaki tupu na baadhi ya hifadhi zikapunguza kodi, licha ya mikataba. Mwenye shamba aliyekuwa amezoea kulipa karo kwa pesa hizo alirudi kuuza mifugo.

Kwa Mkenya anayepanga kuzuru, bei huwa nafuu Aprili na Mei, wakati wa masika, ingawa baadhi ya kambi hufungwa. Ni vyema aulize mapema iwapo ada ya hifadhi imejumuishwa katika bei, kwa kuwa kuingia mbuga kuu hutozwa kando. Kwa wageni kutoka nje, ada hiyo ilipandishwa mwaka wa 2024 hadi dola 200 kwa siku kati ya Julai na Desemba.