"Bado ndiwe": neno moja katika wimbo wa mapenzi wa Shania Twain na mapokezi yake

Utangulizi

Nyimbo za mapenzi husikilizwa kwa moyo. Ni nadra kuchunguzwa kwa sarufi. Hata hivyo ziko nyimbo ambazo maana yake yote imetundikwa kwenye neno moja dogo, na asiyelipima neno hilo hataweza kueleza kwa nini wasikilizaji waliupokea wimbo kama walivyoupokea. Katika makala haya tutautazama wimbo mmoja wa aina hiyo, "You're Still the One", ulioimbwa na Shania Twain na kutolewa mwaka 1998. Ulitungwa na mume na mke kuhusu ndoa yao wenyewe, na ndoa hiyo baadaye ikavunjika. Tangu hapo wako wanaosema kwamba wimbo umegeuka kuwa uongo. Je, ni kweli? Tutajaribu kujibu swali hilo kwa njia ya lugha, na Kiswahili ndicho kitakachokuwa mizani yetu.

1. Wimbo na watunzi wake

Shania Twain alizaliwa mwaka 1965 Windsor, nchini Kanada, akalelewa Timmins, mji wa migodi ya dhahabu. Mtunzi mwenziwe, Robert John Lange, ajulikanaye zaidi kwa jina la "Mutt", alizaliwa mwaka 1948 Mufulira, katika Ukanda wa Shaba wa nchi iitwayo leo Zambia, hatua chache tu kutoka mpaka wa Katanga yetu. Kwa hiyo, wimbo unaohesabiwa kuwa wa Marekani ni kazi ya watu wawili wa miji ya migodi, na mmoja wao ni jirani yetu kwa kuzaliwa.

Kabla ya kukutana na Twain, Lange alikuwa amepata sifa kwa kusimamia rekodi za muziki wa roki, kama vile albamu ya AC/DC iitwayo "Back in Black" (1980). Wawili hao walioana Desemba 1993. Mume alimzidi mke umri kwa karibu miaka 17, na watu wengi walitabiri kwamba ndoa hiyo haitadumu. Twain mwenyewe ameeleza kwamba wimbo huu ulikuwa jibu kwa watu hao. Mwimbaji anamtazama mwenzi wake, anaikumbuka njia ndefu waliyopita, na anafurahi kwamba hawakuyasikiliza maneno ya walimwengu.

Wimbo umo katika albamu "Come On Over" ya Novemba 1997. Mwezi Mei 1998 ulifika nafasi ya kwanza katika orodha ya muziki wa kantri ya gazeti la Billboard. Katika orodha ya jumla ya gazeti hilo ulikaa nafasi ya pili kwa majuma tisa, usiweze kupanda zaidi. Februari 1999 ulipata tuzo mbili za Grammy katika fungu la kantri. Albamu yenyewe imeuzwa, kwa hesabu inayotajwa kwa kawaida, nakala zaidi ya milioni 40 duniani.

Mafanikio hayo hayakukosa ubishi. Wapenzi wa kantri ya zamani walilalamika kwamba Twain na mumewe waliusogeza muziki huo mbali mno na asili yake. Lalamiko hilo lilikuwa na msingi: kwa ajili ya masoko ya nje palitengenezwa toleo la kimataifa la albamu, ambamo vyombo vya kantri vilipunguzwa sauti na mdundo wa pop ukaongezwa. Jambo la kuangaliwa ni kwamba vyombo vilibadilishwa, lakini maneno ya wimbo yalibaki yale yale. Basi na tuyageukie maneno.

2. Tafsiri ya jina

Tukitaka kuliweka jina la wimbo katika Kiswahili, tunakutana na mambo mawili.

La kwanza ni wazo la upekee: si mpenzi tu, bali yule mmoja asiye na mfano. Kiswahili kina njia fupi na nzuri ya kulieleza, nayo ni mzizi "ndi-". Mtu akisema "ni wewe", anatambulisha. Akisema "ndiwe", anachagua mmoja na kuwaacha wengine wote.

La pili, ambalo ni gumu zaidi, ni wazo la kudumu. Kifaransa, lugha tuliyosomea, hutumia "toujours", na neno hilo lina nyuso mbili: laweza kuwa "daima", na laweza kuwa "bado". Kiswahili hakituruhusu kujificha nyuma ya nyuso mbili. Ni lazima kuchagua. "Daima ndiwe" ni kauli ya milele, isiyo na jana wala kesho. "Ndiwe hadi leo" huhesabu siku zilizopita, lakini hukoma leo. "Ungali wewe" ni kauli safi ya fasihi, ila si wengi wanaoitumia katika mazungumzo ya kila siku. Inayobaki ni "bado ndiwe", nayo ndiyo tunayoipendekeza.

Lakini "bado" ni neno la kuangaliwa kwa makini. Tukiuliza, "Chakula kiko tayari?" na tukajibiwa "Bado", tunaelewa kwamba hakijawa tayari. Tukisema, "Bado anakula", tunaelewa kwamba kula kunaendelea. Mwanafunzi wa kigeni hudhani kwamba hapa pana maneno mawili yanayopingana. Sivyo. Katika mifano yote miwili hali ya awali haijabadilika, na katika yote miwili kuna mtu aliyetazamia badiliko. Asiyetazamia badiliko hana haja ya kusema "bado". Hakuna asemaye "Bado mlima uko pale", isipokuwa kama kuna aliyedhani mlima umeondoka.

Ndiyo kusema, "bado ndiwe" si sifa ya mapenzi yasiyoguswa na shaka. Ni jibu kwa shaka iliyokwisha kutamkwa. Walimwengu waliosema ndoa haitadumu wamo ndani ya neno lenyewe, hata kama mistari inayowataja ingefutwa.

3. Linalosemwa na linalotangulia

Mwanaisimu Oswald Ducrot, katika kitabu chake "Dire et ne pas dire" cha mwaka 1972, alitufundisha kutenga linalosemwa waziwazi na linalochukuliwa kuwa limekwisha kukubaliwa kabla ya kusema. Hili la pili tuliite dhana tangulizi. Alama yake ni kwamba haiondoki tukiigeuza sentensi kuwa swali au kuikanusha.

Tuchukue mfano: "Ilunga bado anavuta sigara." Linalosemwa ni kwamba leo anavuta; dhana tangulizi ni kwamba alikuwa akivuta zamani. Tukiuliza, "Je, Ilunga bado anavuta sigara?", zamani yake haiulizwi. Na tukikanusha? Kiswahili hapa hubadilisha neno: "Ilunga havuti tena." Neno "bado" limempisha "tena", lakini zamani ya Ilunga imebaki pale pale. Kukanusha kumegusa leo, jana hakukuigusa.

Sasa tuutumie mzani huu kwa wimbo wetu. Kinyume cha "bado ndiwe" ni "siwe tena". Na anayesema "siwe tena" anakiri, apende asipende, kwamba zamani ulikuwa wewe.

4. Harusi na talaka

Mapokezi ya wimbo huu yana nyakati mbili zinazoweza kuelezwa kwa kipimo hicho.

Kwanza, wimbo umekuwa miongoni mwa nyimbo zinazopigwa harusini, hasa Amerika ya Kaskazini. Kwa sarufi, jambo hili ni la ajabu. Bibi na bwana harusi wa siku ile hawana njia ndefu nyuma yao kama mume na mke, wala hawajashinda utabiri wa mtu. Dhana tangulizi ya "bado" haijatimia kwao. Tunaona kwamba wanauazima wimbo kutoka katika siku zijazo: wanasema leo maneno ambayo watakuwa na haki ya kuyasema baada ya miaka ishirini. Harusini wimbo wa ushuhuda umegeuzwa kuwa ahadi.

Pili, mwaka 2008 Twain na Lange walitengana, na mwaka 2010 talaka ikakamilika. Mwezi Januari 2011 Twain aliolewa tena. Wasikilizaji wengine waliona kwamba wimbo umesutwa na maisha. Lakini tumekwisha kuona kwamba talaka inaweza kubadili "bado" kuwa "tena". Haina uwezo wa kuufuta wakati uliopita. Mwaka 1998 neno "bado" lilikuwa ushuhuda wa miaka iliyokwisha kupita, na ushuhuda haukanushwi na yatakayotokea baadaye. Ahadi ndiyo ingeweza kuvunjwa. Waliouita wimbo uongo waliusikia kwa masikio ya harusini.

Liko jambo jingine. Kuanzia Desemba 2012 hadi Desemba 2014, baada ya miaka mingi ya kimya kilichosababishwa kwa sehemu na maradhi ya sauti, Twain alifanya maonyesho Las Vegas kwa jina la "Still the One". Maneno ya mwanzo, yaliyobeba "wewe", yameondolewa. Benveniste alikwisha kueleza kwamba "mimi" na "wewe" ni nafasi tupu zinazojazwa na yeyote anayesema na yeyote anayeambiwa. Mume wa kwanza alipotoka katika nafasi ile, nafasi haikufa. Katika jina la maonyesho, kwa maoni yetu, anayekaa humo ni mwimbaji mwenyewe: watu walidhani sauti yake imekwisha, naye anajibu kwa neno lile lile alilowajibu walioidharau ndoa yake. "Bado."

Hitimisho

Tumeona kwamba wimbo wa kantri wenye lahani ya pop, uliouzwa kama bidhaa nyepesi, umejengwa juu ya neno lenye uzito. Tumeona pia kwamba Kiswahili, kwa jozi yake ya "bado" na "tena", kinaonyesha wazi jambo ambalo "toujours" ya Kifaransa inalifunika. Tungependa wanafunzi wetu walichukue hilo kama zoezi: wautafute wimbo wanaoupenda, wa lugha yoyote, wajaribu kulitafsiri jina lake tu, na waandike kila neno linalokataa kuvuka. Mara nyingi neno linalokataa kuvuka ndilo lililobeba wimbo. Na kwa wale wanaoogopa kwamba mapenzi yaliyokwisha hayakuwa mapenzi, sarufi ina jibu lake: hakuna awezaye kusema "si tena" juu ya jambo ambalo halikuwapo.