Mume wa Shah Bano na rupia 179

Sisi Wakenya tumezoea kumwita kila mwenye asili ya India Mhindi, awe anasali msikitini au hekaluni. Huko India kwenyewe mambo si hivyo. Mwanamke Mhindu na jirani yake Mwislamu huenda wakateka maji bomba moja, lakini wakiachika au wakifiwa, kila mmoja huhukumiwa kwa sheria za dini yake.

Hebu tumwangalie Shah Bano, Mwislamu wa mji wa Indore. Mwaka wa 1978, akiwa ajuza wa zaidi ya miaka 60 na mama wa watoto watano, alipewa talaka na mumewe. Bwana huyo alikuwa wakili, tena mwenye uwezo. Bi kizee alikwenda kortini kudai masurufu, akakadiriwa rupia 179 na ushei kwa mwezi. Mume akakata rufani! Mwaka wa 1985 Mahakama ya Juu ikamtupilia mbali.

Hapo ndipo kelele zilipozuka. Mashehe walilalamika kuwa dini yao imeingiliwa, nao wanasiasa wa Kihindu wakajitia ghafla kuwa watetezi wa mwanamke wa Kiislamu. Shah Bano mwenyewe aliikana hadharani hukumu aliyoipigania kwa miaka. Mwaka wa 1986 serikali ya Rajiv Gandhi ikapitisha sheria ya kuwatuliza wakubwa wa dini.

Anayedhani kuwa mwanamke wa Kihindu amesalimika na aisome Sheria ya Urithi ya 1956. Katika majimbo mengi, binti hakuwa mshirika wa mali ya ukoo kama ndugu yake wa kiume hadi marekebisho ya 2005. Isitoshe, mjane asiye na mtoto akifa bila wasia, sheria hiyo iliwatanguliza warithi wa mumewe mbele ya mama yake mzazi, hata kama mali aliichuma kwa jasho lake.

Mwaka wa 2017 mahakama ilibatilisha talaka tatu za papo hapo, jambo ambalo wanawake wa Kiislamu wenyewe walilipigania. Mimi nililifurahia. Kisha sheria ya 2019 ikaja na kifungo cha hadi miaka mitatu kwa mume anayezitamka. Sasa nauliza: bwana akiwa gerezani, masurufu ya watoto atayatoa nani?