Injini Haifii Mbioni, Hufia Kabatini

Wako watu wazima, wenye mvi na wajukuu, ambao siku ya mapumziko huenda ziwani kushindanisha mashua ndogo unazoweza kuzibeba kwapani. Usicheke, msomaji. Mchezo huo una heshima yake. Huko Uingereza chama kinachounganisha klabu zao, Model Power Boat Association, kiliundwa mwaka 1924, na Marekani pia wachezaji ni wengi. Watoto wetu wa pwani hushindanisha vingalawa vya kuchonga vyenye tanga. Mashua za wenzetu hao zina injini hasa, inayokula mafuta na kunguruma, na mwenyewe huiongoza kwa redio akiwa amesimama ukingoni.

Kilichonivutia mimi katika mchezo huo si mbio zenyewe, bali ni yale yafanywayo mbio zikiisha. Watazamaji wakishatawanyika, mwenye mashua huinama na kuanza kazi nyingine, isiyopigiwa makofi. Akiiacha kazi hiyo, injini iliyoshinda leo haitawaka mwezi ujao. Wajuzi wa mchezo wanalifahamu jambo hili vyema: injini nyingi haziharibiki majini, huharibika kabatini zikiwa zimelala.

Ili tuelewe sababu, tuitazame injini yenyewe. Moja ya saizi zinazotumika sana ina ujazo wa sentimita 3.5 tu, yaani hata kijiko cha chai hakijai. Hata hivyo huzunguka zaidi ya mara 20,000 kwa dakika moja. Plagi yake si ya cheche kama ya gari, bali ina waya mwembamba wenye platinamu ambao ukishapata moto hubaki ukiwaka. Haina tangi la oili pembeni, kwani oili huchanganywa ndani ya mafuta, kama ilivyo kwa pikipiki za zamani.

Mafuta yenyewe si petroli. Ni methanoli, iliyotiwa nitromethani ya kuongeza nguvu, pamoja na oili. Na oili iliyosifika tangu zamani katika kazi hii ni mafuta ya mbarika! Naam, ni yale yale tuliyonyweshwa utotoni kusafisha tumbo. Mbarika ni mmea wenye asili ya kaskazini-mashariki ya Afrika, na mafuta yake huchanganyika vizuri na spiriti na kustahimili joto kali. Injini za ndege nyingi za Vita Vikuu vya Kwanza zililainishwa kwa mafuta hayo. Lakini yakiachwa ndani ya injini kwa muda mrefu, huganda na kushika kama gundi.

Methanoli nayo ina tabia mbaya mbili. Kwanza ni sumu. Wakenya hawajasahau msiba wa Nairobi wa Novemba 2000, pale pombe haramu iliyotiwa methanoli ilipoua watu zaidi ya 100. Kwa hiyo haifyonzwi kwa mdomo wala haiwekwi katika chupa ya soda. Pili, huvuta unyevu kutoka hewani. Tone linalobaki ndani ya injini hujikusanyia maji, na masalio ya nitromethani iliyoungua huleta asidi. Hapo beringi na krenki, ambazo ni za chuma, huanza kuliwa na kutu kimya kimya. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Basi kazi ya baada ya mbio huenda hivi. Kwanza, mafuta hufungwa injini ikiwa ingali inawaka, ili iunguze yote yaliyomo hadi izime yenyewe. Tangi humwagwa hadi likauke. Maji ya kupoza hupulizwa yatoke katika mirija yake. Kisha plagi hufunguliwa, matone machache ya oili nyepesi hutiwa katika tundu lake na katika kabureta, na injini huzungushwa ili oili ifike kila pembe. Mhimili wa rafadha huchomolewa, hupanguswa na kupakwa grisi. Mwisho, kisanduku cha redio huachwa wazi kipate hewa. Kazi yote hiyo ni ya dakika chache tu.

Ikiwa mashua ilipinduka na injini ikanywa maji, hatari ni kubwa zaidi. Mwenye pupa hukimbilia kuiwasha. Lakini maji hayashindiliki kama hewa, na pistoni ikilazimishwa kuyabana, mkono wake hupinda. Mwenye busara hufungua plagi kwanza, huigeuza injini imwage maji, ndipo huiwasha siku hiyo hiyo ili joto limalize unyevu uliobaki.

Haya si mambo ya ziwani Uingereza peke yake. Injini zinazofungwa nyuma ya mashua zetu, kuanzia Vanga hadi Kiunga, zina adui mkali kuliko methanoli, nayo ni chumvi. Maji ya bahari yakikauka ndani ya njia za kupoza, chumvi huganda na kuziziba. Dawa yake ni kuiendesha injini kwa dakika kadhaa ndani ya pipa la maji matamu. Isiwashwe mikavu, maana mpira wa pampu yake huungua. Najua maji matamu visiwani si ya kuchezea. Lamu kwa miaka mingi imetegemea visima vya Shela. Lakini bei ya pipa la maji ni ndogo mbele ya bei ya injini. Tena mashua hiyo hiyo ivuayo samaki ndiyo iitwayo usiku mja mzito anaposhikwa na uchungu na hospitali iko ng'ambo. Saa hiyo injini ikikataa kuwaka, nani atajibu?

Wazee wetu hawakuhitaji kufundishwa haya. Chombo kilipokupwa, kilikalafatiwa, kikapakwa deheni ya chokaa na shahamu chini, na sifa ya papa juu. Hakuna nahodha aliyeona kazi hiyo ni ya kupoteza wakati, kwani alijua kwamba chombo ni amana, na roho za watu zimo ndani yake. Injini ilipokuja, wengi tuliipokea mbio zake tukaiacha deheni yake. Wale wazee wa ziwani, kwa mchezo wao wa mashua za kubebwa kwapani, wanatukumbusha ada yetu wenyewe: safari haijesha mpaka chombo kitunzwe.