Ndege ya povu si mzaha

Ndugu msikilizaji, ukinunua televisheni mpya, ndani ya boksi hukosi kukuta lile povu jeupe gumu la kuikinga isivunjike. Wengi wetu hulitupa. Lakini wapo watu ambao povu la jamii hiyo kwao ni malighafi ya kuundia ndege. Si ndege ya abiria, bali ndege ndogo inayoongozwa kwa redio, na mwenyewe huirusha akiwa amevaa miwani iliyoziba macho yote mawili, akiona kile tu kinachoonwa na kamera iliyoko puani mwa ndege.

Kwa nini povu? Kwanza, ni jepesi. Pili, hukatika kwa urahisi kwa waya uliopashwa moto kwa umeme. Tatu, povu la aina ya EPP likigonga ardhi hubonyea na kurudi, ambapo ubao mwepesi ungepasuka. Wengi huunda bawa tupu lisilo na mkia. Mbele huchonga nafasi ya kamera, katikati huweka betri, na nyuma hufunga mota na panga boi ili lisizibe picha. Kazi ngumu ni kusawazisha uzito. Betri ikikaa nyuma mno, pua hupanda, mwendo hupungua na ndege huanguka.

Picha husafiri kwa mawimbi ya redio hadi kwenye miwani. Mawimbi hayo yakizuiwa na jengo au miti, rubani huwa kipofu ghafla, na ndege bado iko angani. Hapo ndipo linapozuka swali: je, hiki ni kitu cha kuchezea, au ni ndege?

Swali hilo liliwahi kuamuliwa huko Marekani. Oktoba 2011, Raphael Pirker alirusha bawa la povu aina ya Zephyr, lisilofikia kilo 3, kwenye eneo la Chuo Kikuu cha Virginia ili kupiga picha za kulipwa. Mamlaka ya anga ya nchi hiyo, FAA, ilidai kuwa alirusha ovyo, karibu na watu na majengo, ikataka alipe faini ya dola 10,000. Machi 2014 hakimu aliifuta faini hiyo, akisema kanuni zilizotajwa hazihusu ndege za mfano. Wapenzi wa mchezo huo wakashangilia. Lakini Novemba mwaka huo huo, Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ilitengua uamuzi huo: chombo kinachotumika kuruka angani ni ndege, kiwe kikubwa au kidogo. Januari 2015 pande mbili zilipatana, Pirker akalipa dola 1,100 bila kukiri kosa.

Tangu sheria ya mwaka 2018, Marekani inamtaka arushaye kwa miwani awe na mwenzake kando yake, anayeifuata ndege kwa macho matupu. Ndege yenye uzito wa zaidi ya gramu 250 husajiliwa, na katika anga isiyoongozwa na minara haipiti futi 400.

Wapo wanaolalamika kuwa masharti hayo yanaua mchezo unaowafundisha vijana umeme, redio na elimu ya anga. Malalamiko yao yana uzito, maana fundi wa kesho huanzia kwenye meza yenye gundi na kisu. Hata hivyo, mvaa miwani huona mbele tu. Helikopta ikitokea ubavuni, nani atamwambia? Jozi moja ya macho zaidi si gharama kubwa.

Nawe msikilizaji, kabla hujaagiza chombo cha namna hii, waulize kwanza wasimamizi wa anga nchini mwako. Wazee walisema, mzaha mzaha hutunga usaha.

Hadi juma lijalo, kwaheri.