Kahawa tamu nyumbani haihitaji mashine ya bei mbaya

WAKULIMA wengi wa kahawa nchini huanza siku kwa kikombe cha chai. Kahawa wanailima, wanaichuma, wanaimenya na kuianika, kisha wanaipeleka chama cha msingi bila kujua ladha yake kikombeni. Anayeijua ni muonjaji wa Moshi na mnunuzi wa nje, na hao ndio wenye sauti kwenye bei.

Nami nilikuwa hivyo hivyo. Nimekulia kwenye kihamba chenye mibuni, lakini kahawa ya kwetu niliionja kwa mara ya kwanza nikiwa mtu mzima, Dar es Salaam, baada ya kunogewa na kazi ya kuitengeneza mwenyewe jikoni. Starehe hiyo imenifundisha mambo ambayo mkulima yeyote anaweza kuyatumia.

Kosa la kuanzia na mashine

Nilianza vibaya. Nilitoa fedha nyingi kununua mashine ya mtumba ya espresso, nikaitilia unga wa kahawa uliokaa kabatini miezi kadhaa. Kilichotoka kilikuwa cheusi na kichungu, basi. Mashine haikuwa na kosa. Kahawa ikishasagwa hupoteza harufu yake haraka, na hakuna chombo kinachoweza kuirudisha.

Cha kwanza kununua ni mashine ndogo ya mkono ya kusagia. Kinu na mchi vinafaa kwa kuanzia, lakini hutoa vumbi na chenga kwa pamoja. Vumbi huleta uchungu, chenga huacha kahawa nyepesi yenye uchachu. Cha pili ni mizani ndogo ya jikoni, na cha tatu ni chujio.

Chujio lenyewe lilizaliwa jikoni. Mwaka 1908 mama wa Kijerumani, Melitta Bentz, alichoshwa na machicha kikombeni. Alitoboa matundu kwenye kitako cha chombo, akatandika karatasi ya kukaushia wino kutoka kwenye daftari la shule la mwanawe, akamimina kahawa. Kampuni yenye jina lake ipo mpaka leo.

Watu wa Pwani nao wana dele lao la makaa, vikombe vidogo na kashata barazani. Ile ni starehe yake, ila moto wa muda mrefu na tangawizi huficha tofauti ya kahawa ya shamba hili na lile.

Namna ya kuandaa

Chukua kahawa iliyokobolewa, kaanga kwenye kikaango kikavu kwa moto wa wastani huku ukikoroga bila kuacha. Itageuka njano, kisha kahawia, na baada ya dakika kama 10 itaanza kualika mithili ya bisi. Milio ikikaribia kwisha, epua, mwaga kwenye ungo na upepete ipoe haraka. Iache siku moja au mbili ndipo usage.

Kwa kikombe kikubwa cha mililita 250, saga gramu 15. Maji yakichemka, yaache nusu dakika, kisha yamimine taratibu juu ya kahawa ndani ya chujio. Dakika tatu zinatosha.

Tupige hesabu. Kilo moja ya kahawa iliyomenywa na kukaushwa, ikiwa bado na ganda lake jembamba, hutoa takriban gramu 800 ikikobolewa. Ukikaanga unabaki na kama gramu 680. Hivyo ni vikombe 45.

Vikombe viwili vya baba mdogo

Likizo moja nilikwenda nyumbani na vifaa vyangu mkobani. Baba mdogo alikuwa na mafungu mawili. Moja lilikuwa la matunda mekundu matupu, yaliyomenywa siku ile ile ya kuchumwa. La pili lilichanganyika na mabichi, na lililala kwenye gunia siku mbili kabla ya kumenywa. Kwa macho, zilipokauka, hazikutofautiana sana.

Tulizikaanga sawa na kuzipima sawa. Kikombe cha kwanza kilikuwa kitamu, chenye ukali mwanana kama wa chungwa. Cha pili kilikakasa ulimi na kunuka uvundo. Baba mdogo alikinusa tena, akanyamaza, kisha akauliza ni magunia mangapi ya namna ile ameshauza maishani mwake.

Swali hilo ndilo lenye fedha ndani yake. Daraja la AA hueleza ukubwa wa punje, si ladha. Waonjaji wakiipa kahawa alama 80 au zaidi kati ya 100, huhesabiwa kuwa kahawa maalumu, ambayo wanunuzi wake huwa tayari kuilipia zaidi. Matunda mabichi, kuchelewa kumenya, kuvundika kupita kiasi na kuanika chini kwenye udongo, yote hutokea kikombeni.

Kwa hiyo mkulima, kabla ya kupeleka mzigo, tenga kilo moja. Kikaango unacho, ungo unao, kinu unacho na kitambaa safi kinaweza kuwa chujio. Kaanga, onja, linganisha na ya jirani. Ukikuta harufu mbaya, utajua pa kurekebisha msimu ujao. Na ukikuta utamu, kunywa cha pili, kwani ni jasho lako.