Uzi wa Machi na Sufu Nyeusi ya Mama Mkwe

Kila ufikapo Februari, vijana wetu hutuuliza kuhusu siku za wapendanao za Ulaya. Jibu letu huwa fupi: hizo si sikukuu zetu. Hata hivyo, mwenye kutafuta mazingatio huyapata hata katika ada za walio mbali, na leo tunawatazama Waromania.

Tarehe 24 Februari kwao ni Dragobete, siku ambayo wahenga wao walisema ndege huchagua wenza na kuanza kujenga viota. Vijijini, vijana walikwenda msituni kuchuma maua ya kwanza yanayochomoza thelujini. Kisha wasichana waliteremka mbio kurudi kijijini, na kila mvulana akamkimbiza aliyempenda. Akimfikia, naye akiridhia, walibusiana hadharani, na kijiji kikahesabu huo kuwa uchumba. Sheria yetu hairuhusu njia hiyo. Lakini wao nao walitaka mapenzi yawe na mashahidi.

Tarehe 1 Machi hupeana Mărțișor, uzi wa rangi nyekundu na nyeupe uliosokotwa pamoja. Huvaliwa kwa siku kadhaa, kisha hufungwa kwenye tawi la mti. Mwaka 2017 UNESCO iliiorodhesha ada hii miongoni mwa turathi za wanadamu, kwa Romania, Moldova, Bulgaria na Masedonia ya Kaskazini. Wazee wao waliamini kuwa uzi huo huleta afya. Sisi kinga twaiomba kwa Mwenyezi Mungu peke yake.

Lililotugusa zaidi ni kisa cha Dochia, bikizee anayesimuliwa kuwa mama yake Dragobete. Alimchukia mke wa mwanawe. Siku moja ya baridi kali alimpa sufu nyeusi, akamwamuru aioshe mtoni mpaka iwe nyeupe. Binti alisugua huku akilia, hadi akatokea mtu wa kumhurumia na kumpa ua, na sufu ikawa nyeupe. Dochia alipoliona ua alidhani baridi imekwisha. Akapanda mlimani na kondoo wake, akavua makoti yake ya ngozi moja baada ya jingine. Baridi ikarejea, naye akaganda huko.

Katika mashauri ya ndoa yaletwayo mbele ya kamati yetu, sufu hiyo tumeiona mara nyingi. Posa ilipelekwa kwa heshima, mahari yakatolewa, khutba ikasomwa, mashahidi wakahudhuria. Kisha mlango ukafungwa, na binti wa watu akapewa kazi isiyokwisha na maneno yasiyosahaulika, hali mume amenyamaza.

Enyi mama wakwe, nanyi waume, ndoa tuliishuhudia sote. Na yanayofuata baada ya walima, je, tungethubutu kuyafanya mbele ya mashahidi wale wale?